Nilimfungulia Mara Arobaini

Mimi si mtu wa kusikiliza milangoni. Nililelewa vizuri. Lakini ile ilikuwa kazi yangu: kila siku asubuhi, na siku nyingine tena alasiri, nilisimama nyuma ya mlango wa mbao usio na nyumba, nikamsikiliza mwanamume akinisemesha kwa lugha nisiyoijua, mpaka moyo uniambie nimfungulie.

Tulikuwa watu sita ndani ya gari moja, tukizunguka na mchezo wa watoto. Leo shule ya msingi, kesho maktaba, keshokutwa ukumbi wa manispaa wenye viti vinavyolia kila mtoto akijinyoosha. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mvua kubwa inanyesha. Kuna mwenye nyumba mmoja, ana paa moja na blanketi moja. Wanabisha hodi wageni watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anazungumza lugha ya mama yake. Mwenye nyumba naye ana ya kwake. Hakuna anayemwelewa mwenzake, na mvua haina habari na mtu.

Mwenye nyumba nilikuwa mimi. Nilikuwa pia fundi wa nguo za mchezo, ndiyo maana wote waliniita Sindano, ingawa mama yangu husema jina hilo nimelipata kwa mdomo.

Kiongozi wetu tulimwita Kocha. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha gari, na alikuwa na sheria moja tu, ya kutotafsiri. "Mtoto si mjinga," alikuwa akisema. "Akimwona mtu amelowa na anatetemeka, hahitaji kamusi."

Na kwa mgeni wa mwisho hakuandika hata neno moja. Siku ya kwanza ya mazoezi alimwita pembeni, lakini pembeni kwa Kocha husikika hadi barabarani. "Ukifika mlangoni, sema jambo ambalo likisikiwa utajua kama nyumba hiyo ni yako au si yako. Mimi sitaki kujua ni nini. Sema la kweli tu, watoto wananusa uongo." Kisha akanigeukia. "Na wewe Sindano, usimfungulie kwa kuhesabu dakika. Mfungulie ukimwamini."

Basi nikawa namwamini. Mara nyingine nilimwamini haraka mpaka Kocha akanilalamikia.

Tulimwita Mgeni, kwa sababu ya mchezo, na jina likamganda. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kicheko kinachochelewa: mzaha utasemwa, watu watacheka watamaliza, ndipo utamsikia yeye anaanza. Ule mlango alikuwa akiubeba peke yake begani kutoka kwenye gari, na hakuna aliyemwomba. Kwenye gari aliniachia kiti cha dirishani. Nikisinzia aliteremka kidogo kwenye kiti chake ili bega lake lifike kwenye kichwa changu, na mimi, Mungu anisamehe, mara nyingine nilisinzia bila usingizi.

Kati ya mbao mbili za mlango palikuwa na ufa. Nikisimama vizuri, niliona jicho lake moja na nusu ya mdomo. Nilijua anaponyamaza na anapovuta pumzi, na kuna neno moja fupi ambalo lazima ameze mate kabla ya kulitamka. Maneno yenyewe yalikuwa yakibadilika, siku hili siku lile, lakini hilo halikukosekana hata siku moja. Nami nikalishika. Nililirudia kimoyomoyo nikishona, nikioga, nikipanga foleni ya chai. Nilijiambia, Sindano wewe, hilo ndilo neno "nakupenda".

Nilimuuliza, si kwamba sikumuuliza. "Huwa unaniambia nini pale?"

"Namwambia mwenye nyumba ukweli."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Ndiyo," akasema, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Mchezo ukiisha, watoto walikuwa wakiuliza maswali. Kila shule, lazima mmoja ainuke: "Yule mgeni wa mwisho alikuwa anasema nini?" Na Kocha kila mara aliwarudishia swali: "Ninyi mmesikia nini?" Watoto walisema anaomba msamaha. Walisema kuna kitu amekivunja. Mmoja kule maktaba alisema, "Amesahau kitu njiani na anaogopa kukisema." Mimi nilitabasamu na kukunja blanketi langu. Nilijiambia watoto hawajui mapenzi.

Siku tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, tulisimama kujaza mafuta. Wengine walishuka, tukabaki wawili. Mzunguko wa kwanza ulikuwa unaisha, na wa pili ulikuwa wa miezi mitatu, ukielekea upande wa kwao. Aliyetaka kuendelea alitakiwa kusaini karatasi ya Kocha siku ya onyesho la mwisho.

"Saini," aliniambia. "Twende wote. Na tukifika kwetu, nataka uingie nyumbani."

"Nyumbani kwenu kuna nini?"

Alinitazama hivi, halafu akatazama nje. "Kabla hujanijibu," akasema polepole, "nisikilize vizuri pale mlangoni."

Nikamwambia sitamjibu mpaka mama yangu aje. Maana mama alikuwa anakuja, na alikuwa anakuja kunichukua.

*

Mama yangu ni mkunga mstaafu. Ukimwona ameketi na mkoba mapajani, miguu imebanwa pamoja, unaweza kudhani ni mama wa kanisani anayengoja zamu yake. Usidanganyike. Huyo ameamuru watu wazima wasukume na wamesukuma. Alifika asubuhi ya siku ya mwisho, katika bwalo la shule moja kubwa ambako tulikuwa na maonyesho mawili, la wakubwa asubuhi na la wadogo alasiri. Mkobani alikuwa na barua ya chuo cha ushonaji. Nilitakiwa kuripoti Jumatatu kama mwalimu, na kupewa nyumba juu yake.

"Shikamoo, mama," Mgeni alimwamkia, mlango ukiwa begani.

"Marahaba," mama akajibu, akautazama mlango kabla ya kumtazama yeye. Alipopita akaniambia, "Huyo ndiye?"

"Ndiye."

"Anaishi wapi?"

"Kwa sasa sote tunaishi kwenye gari, mama."

"Basi nyumba yake ina magurudumu. Mimi sikukulea miaka yote hii ukaolewe na tairi."

"Hajanioa mtu."

"Na atakuoa saa ngapi, mkikimbia hivyo?" Akanirekebisha kola kama mtoto wa chekechea. "Mwanangu, sina ugomvi naye. Sijui lolote juu yake, na hilo ndilo linalonisumbua. Wewe unajua nini?"

Nikafungua mdomo. Nilijua anapenda chai isiyo na sukari. Nilijua anaogopa mbwa wadogo na haogopi wakubwa. Nikafunga mdomo.

Mama akaketi katika benchi la mbele, kati ya watoto, magoti yakimfika kifuani. Onyesho likaanza. Mpiga ngoma wetu akaipiga mvua kwa vidole juu ya ngozi, mgeni wa kwanza akaingia, wa pili akaingia, watoto wakacheka pale wanapochekaga. Ikabishwa hodi ya tatu. Nikasogea mlangoni, jicho ufani.

Siku hiyo alisema taratibu kuliko siku zote, kama mtu anayemsomea mzee barua. Alipofika kwenye lile neno langu akameza mate, akalitamka, na kutoka benchi la mbele nikasikia kikohozi. Kikohozi cha mama nakijua. Kile cha mafua kina sauti yake, na hiki hakikuwa cha mafua. Hiki alikuwa akikitoa wodini, daktari kijana alipomdanganya mgonjwa.

Nikafungua mlango. Ilikuwa mara ya arobaini, kwa sababu Kocha huandika idadi ya maonyesho kwa chaki nyuma ya ule mlango, na namba ilikuwa mbele ya pua yangu.

*

Darasa tulilopewa la kubadilishia nguo lilikuwa na madawati madogo na picha za ng'ombe ukutani. Nilikuwa nashona mkono wa koti la Mgeni uliochanika, mama akaingia, akafunga mlango, akakaa juu ya dawati.

"Unaelewa anachokwambia yule kijana?"

"Hakuna anayeelewa, mama. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Mimi nimeelewa."

Sindano ikasimama kwenye kitambaa.

"Kabla hujazaliwa walinipeleka kazini kwao," mama akasema. "Miaka sita."

"Hukuwahi kuniambia unajua lugha yao."

"Hukuwahi kuuliza. Ninyi watoto mkizaliwa mnadhani na mama zenu wameanza kuishi siku hiyo." Akafungua mkoba, akaufunga. "Na siijui yote. Najua ya wodini. Pumua, sukuma, baba yake yuko wapi, mtoto ni wa kike. Ukiniuliza bei ya viatu kwa lugha hiyo sina neno hata moja. Lakini hayo ninayoyajua ndiyo aliyokuwa akiyasema."

"Mama, sema."

"Ana mtoto."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

"Wa kike," mama akaendelea. "Ana miaka sita. Mama yake aliondoka, akaolewa kwingine. Mtoto yuko kwa bibi. Halafu akasema, kama unaweza kumpokea mtu mwenye mtoto, mfungulie. Na kama huwezi, yeye atarudi kwenye mvua bila kukulaumu."

Lile neno fupi. Nikalitamka. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa nje ya kichwa changu.

"Ndilo," mama akasema kwa upole. "Maana yake mtoto."

Wallahi, nilitamani dawati lile linimeze. Wiki saba nimelirudia bafuni nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu, kumbe nasema mtoto, mtoto, mtoto. Na watoto wa maktaba walikuwa wamesikia kila kitu bila kamusi. Mjinga wa lile bwalo nilikuwa mmoja, na ndiye aliyeshika ufunguo.

"Umefurahi sasa," nikamwambia mama. "Umepata sababu."

"Ningetaka sababu ningenyamaza. Ungeendelea, ungefika kwao, ungekuta kiatu cha mtoto mlangoni, na wewe mwenyewe ungerudi kwangu mbio. Nimekuambia ili uamue ukiwa macho." Akasimama, akapapasa sketi. "Barua ya chuo iko hapa. Karatasi ya yule bibi mwenye kelele iko mezani kwake. Mimi nitakaa nje. Na huo mkono wa koti umeuziba."

Nilitazama. Kweli, nilikuwa nimeshona mkono ukafungwa kabisa. Sikupata muda wa kuufumua, kengele ya alasiri ikagonga.

*

Wadogo ni hadhira nyingine. Wakubwa hukaa, wadogo hawakai, humiminika. Walijaa hadi mbele ya miguu ya mpiga ngoma, na mmoja alikuwa ameshika upindo wa sketi yangu kabla hata hatujaanza.

Mgeni wa kwanza akaingia. Wa pili akaingia. Nilicheza kwa mikono tu, kichwa hakikuwapo. Ikabishwa hodi ya tatu.

Nikaenda mlangoni. Kwenye ufa, jicho lilelile, na nusu ya mdomo uleule nilioupenda. Alikuwa amevaa koti na mkono mmoja umekataa kupita, akauficha mgongoni. Akaanza. Akavuta pumzi. Akameza mate. Akalitamka.

"Nimeelewa," nikamnong'oneza kupitia ule ufa.

Jicho likaganda.

"Mama yangu alikuwa mkunga kwenu," nikasema kwa sauti ya chini. "Endelea. Mtoto, wa kike, miaka sita. Endelea tu."

Mpiga ngoma alituona hatusogei, akadhani Mgeni amesahau, akaongeza mvua. Mungu ambariki yule bwana, alituezeka kwa ngoma yake, tukawa tunagombana chini yake na watoto mia mbili wasisikie.

"Nilikuambia," Mgeni akanong'ona.

"Uliniambia lini?"

"Kila siku. Nilikuambia kila siku, na kila siku ulifungua."

"Nilikuwa sielewi."

"Najua."

"Unajua, na ukahesabu kwamba nimekubali?"

Jicho likashuka chini. "Asubuhi nilikuwa najidanganya," akasema. "Jioni nikawa najua nimejidanganya. Kesho yake ulipofungua ukitabasamu, nikajidanganya tena. Sindano, ulikuwa unafungua vizuri sana."

Nusura nicheke, na nikachukia kwamba nusura nicheke. "Kwa nini hukuniambia kwa lugha ninayoielewa?"

"Wa mwisho niliyemwambia kwa lugha anayoielewa aliomba maji ya kunywa. Nilipoyaleta, alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma."

"Mimi nimekuomba maji?"

"Hapana."

"Basi usinilipishe kiu ya mtu mwingine."

Watoto walianza kuchoka. "Mfungulie," mmoja akasema. Wengine wakadaka: "Mfungulie, mfungulie." Mpiga ngoma aliongeza tena, na nikaona kwa pembeni jasho likimtiririka, viwiko vimeanza kushuka. Kocha alikuwa amesimama kando ya pazia, mikono kiunoni. Mimi sikufungua. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo na haukutii, na sikuwa naigiza. Kocha aliniambia nifungue nikimwamini, na kwa mara ya kwanza katika mzunguko mzima nilijiuliza kama namwamini.

"Mara zote zile hukutaka nisikie," nikamwambia. "Ulitaka usikie wewe mwenyewe kwamba umesema."

"Si kweli." Akasahau kunong'ona. "Nilitaka usikie. Niliogopa tu. Nisikilize basi, nisikilize sasa. Mimi nina—"

Na mikono ya mpiga ngoma ikachoka. Mvua ikakatika ghafla, bwalo zima likawa kimya.

"—mtoto!" akamalizia Mgeni, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo, kwa lugha ya watu wote.

Hakuna aliyejikuna. Watoto mia mbili walimkodolea macho. Katika mchezo ambao hakuna neno linaloeleweka, lilikuwa limeeleweka moja.

Msichana mdogo wa mbele, aliyekuwa ameshika sketi yangu mwanzoni, akainuka. Hakuinua mkono wala nini.

"Sasa huyo mtoto umemwacha kwenye mvua?"

Mgeni akamgeukia. Ningemwona akitafuta namna ya kurudi kwenye mchezo, ningejua la kufanya. Hakutafuta. Akachutama akawa kimo chake.

"Hapana. Yuko kwa bibi yake."

"Bibi yake ana paa?"

"Anayo. Zuri."

"Anaitwa nani?" akauliza mvulana wa nyuma.

"Nyumbani tunamwita Chiriku. Anaongea sana."

"Anajua kusoma?"

"Anajua. Anasoma kila kitu kwa sauti, mpaka maandishi ya sabuni."

"Anajua uko wapi?"

"Anajua. Nampigia simu kila jioni."

Nyuma ya mlango nikakumbuka zile jioni. Alikuwa akienda kusimama nyuma ya gari na simu yake, na mimi nilidhani anazungumza na mama yake, nikampenda zaidi kwa hilo. Nilikuwa na maswali hayohayo kifuani, yote, na watoto walikuwa wakiniulizia moja baada ya jingine. Nikategesha sikio. Nilitaka kujua kila kitu. Hasira ilikuwapo, sikatai, lakini chini ya hasira nilikuwa nataka kujua anasuka vipi nywele, na meno ya mbele yameshang'oka au bado.

"Kwa nini hukumwambia huyu mwenye nyumba?" akauliza yule msichana.

"Niliogopa atanifungia mlango."

Msichana akautazama mlango, akamtazama yeye. "Si umefungwa hata hivyo?"

Bwalo likacheka, na mwalimu mmoja akaziba mdomo kwa daftari. Mgeni hakucheka. Akasimama, akauelekea mlango, akaweka kiganja chake juu ya mbao, na safari hii hakuiinamia ile nafasi ya ufa.

"Nina mtoto," akasema, taratibu, kwa lugha yangu na ya kila mtu pale. "Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza niliyokuachia kiti cha dirishani. Nimekosa. Sikuombi unifungulie. Nakuomba ujue."

Machozi yalinitoka, na niseme ukweli, si yale ya mchezo.

Nikafungua. Watoto wakapiga kelele, Kocha akafumba macho. Yeye akabaki kizingitini hakuingia, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje kama ndege aliyevunjika bawa, akiningoja mimi nitamke kitu. Katika mchezo mwenye nyumba humtupia blanketi. Mimi nililishika.

"Siku nyingine," nikamwambia, "usije peke yako."

*

Mabenchi yalirudishwa, pazia likakunjwa. Kocha alinipitia na karatasi yake bila hata kugusia sheria yake iliyovunjwa mbele ya shule nzima. Aliniuliza tu kama nasaini au ampe mtu mwingine sketi yangu.

"Mzunguko wa pili unafika kwao lini?"

"Wiki ya tatu. Maonyesho manne."

Nikasaini. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa bwalo, mkoba mkononi, akiona kila kitu.

"Mimi sijakubali," akasema nilipomfikia.

"Najua, mama. Hata mimi sijakubali. Nakwenda kuona."

"Kuona nini?"

"Huyo Chiriku."

Akaitoa barua ya chuo, akaitazama, akairudisha. "Nitawauliza kama wanaweza kungoja miezi mitatu. Wakikataa, usinililie." Akanishika kidevu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimalize shule. "Yule mtoto aliyeuliza habari za mvua, ametuzidi akili wote humu ndani. Na mimi nimo."

Mgeni alikuwa nje, upande wa nyuma wa gari, mlango umeegemea ukutani karibu naye. Alinyooka aliponiona.

"Sijakusamehe," nikamwambia, ili jambo hilo liwe wazi kabla ya jingine lolote.

"Najua."

"Nimesaini, lakini sijakusamehe. Usichanganye tena. Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Si ndiyo saa yake?"

Akapiga. Kwa mbali nikaisikia sauti nyembamba, inayokimbia, isiyo na nukta. "Mwambie avute pumzi," nikasema. Akasema naye kwa lugha yao, akacheka kile kicheko chake, na kwa mara ya kwanza hakikuchelewa. Halafu akasikiliza kwa muda. Akaiondoa simu sikioni, akaifunika kwa kiganja.

"Amesikia sauti yako," akasema. "Anauliza wewe ni nani."

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu." Alinitazama moja kwa moja, macho mawili, bila mbao kati yetu. "Nilitaka nikuulize wewe kwanza."

"Lugha ya shuleni anaijua?"

"Anaijua kuliko mimi."

Nikanyoosha mkono, nikaichukua simu. Hilo swali nilitaka kulijibu mwenyewe, ingawa jibu lenyewe nilikuwa bado silijui.